Orodha ya Dhana

Septemba 2003 chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, RIAA, kilifungua kesi dhidi ya watu 261 kwa mpigo. Hawakuwa wauza kanda za magendo. Walikuwa wazazi, wanafunzi na hata watoto waliokuwa wakigawana nyimbo kwa Kazaa na programu za namna hiyo, na kilichowafikisha mahakamani ni namba: anwani ya IP, ile ambayo kampuni ya intaneti humpa mteja ili data ijue pa kumfuata. Mwaka huohuo ndipo ilipozaliwa PeerGuardian, iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko programu zote za kuzuia anwani. Kufikia mwisho wa 2008, chama kiliposema kinaacha kuwashtaki watu mmojammoja, walioandamwa walikuwa kiasi cha 35,000. Mama mmoja wa Minnesota, baada ya kesi kurudiwa na rufaa kukatwa kwa miaka, aliishia kudaiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24.

Naanza na haya ili msomaji asiwaone waliokimbilia kinga kuwa ni wajinga. Waliogopa, na walikuwa na cha kuogopa.

Mtoto wa dada yangu wakati huo alikuwa hajazaliwa. Sasa anasoma uhandisi hapa Leipzig, na Jumamosi moja baada ya darsa alikuja kwangu na kompyuta yake akaniuliza, "Mama mdogo, nikiiwasha hii, wataniona?" Hii ilikuwa PeerBlock, iliyorithi kazi ya PeerGuardian mwaka 2009. Dirisha lake lilikuwa wazi na majina yanateremka mstari baada ya mstari: chuo kikuu, kampuni ya kukodisha seva, idara ya serikali ya nchi ya mbali, kila moja limeandikwa kuwa limezuiwa. Kijana ameridhika. Aliona ana ushahidi mbele ya macho yake kwamba watu wanamtafuta na hawampati.

Alinijia mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninasimamia mtandao wa mabweni ya wanafunzi, na barua za mawakili, zile zinazoanza na anwani ya IP, tarehe, saa na sekunde, hupita mezani kwangu. Lakini mimi pia nimesomeshwa chuo cha Kurani huko Ngamiani, Tanga, na mwalimu ambaye hakuwa na mzaha katika mambo ya sitara. Kufunua aibu ya mtu kwake lilikuwa jambo kubwa kuliko kukosea kusoma. Kwa hiyo swali la mwanangu lilinifikia kwa njia mbili, na ile ya kifundi nitaimaliza kwanza maana jibu lake halina utata.

Torenti haina ghala la katikati. Faili hukatwa vipande, na kila anayeitaka huchukua vipande kwa wenzake huku naye akiwagawia vile alivyokwisha kupata. Ndivyo Bram Cohen alivyoibuni BitTorrent mwaka 2001, na ni ubunifu wa kusifiwa. Mifumo ya Linux tunayoiweka kwenye seva zetu hugawiwa kwa njia hiyo hadi leo, tena kwa halali kabisa. Ila ili wenzako wakupate lazima ujulikane ulipo. Kompyuta inapojiunga huenda kwa seva iitwayo treka na kuacha anwani yake, na treka humpa kila aulizaye orodha ya waliomo. Kila aulizaye, awe mpenda filamu au mpelelezi. Ipo pia njia isiyohitaji treka, ambayo wapakuaji wenyewe hutunziana anwani hizo, lakini mwisho wake ni uleule: anayeijua faili anaweza kukujua na wewe.

PeerBlock haigusi hatua hiyo. Inachozuia ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya kompyuta yako na anwani zilizomo katika orodha yake. Ni mtu aliyekwisha kuandika jina lake katika daftari la mlangoni kwenye ukumbi wa harusi, kisha huko ndani anakataa kupeana mkono na wageni fulani. Anayetaka kujua kama alikuja hana haja na mkono wake.

Mwaka 2008 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, Michael Piatek, Tadayoshi Kohno na Arvind Krishnamurthy, walilithibitisha hilo kwa namna ambayo sijaisahau tangu nilipoisoma. Waliziandikisha kwa treka anwani za vifaa ambavyo havikuwa vikipakua kitu chochote. Barua za malalamiko ya hakimiliki zikaja. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo printa za chuo na kifaa cha waifai. Wapelelezi walisoma orodha ya treka wakaandika barua, bila kumwomba mshukiwa hata kipande kimoja cha faili. Mbele ya upelelezi wa jinsi hiyo programu ya kuzuia haina la kufanya, kwa sababu hakuna mazungumzo ya kuzuiwa.

Wapo wapelelezi wa aina ya pili, wanaojiunga na kundi kama wapakuaji wengine na kuwasiliana na kila mmoja. Kwa hawa orodha ingeweza kufaa. Tom Chothia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwafuatilia, na mwaka 2012 wakaeleza kuwa kwa faili zinazopendwa sana mpakuaji huweza kuandikwa na mpelelezi ndani ya saa tatu. Orodha za kuzuia zinazogawiwa bure nazo walizipima. Walikuta anwani nyingi zisizo na kosa zimeingizwa, na wapelelezi wengi halisi hawamo. Wala si ajabu. Orodha inasomwa na wote, na mpelelezi akiiona anwani yake humo hukodi nyingine. Barua pepe za ndani za kampuni ya MediaDefender zilipovuja Septemba 2007, zilithibitisha kwamba tovuti ya MiiVi, iliyojionyesha kuwa ya kupakulia filamu, ilikuwa ya kampuni hiyohiyo inayolipwa kuwawinda wapakuaji. Watu wenye uwezo wa kujivika nguo hiyo hawatakaa katika anwani inayojulikana na dunia nzima wakisubiri kuzuiwa.

Huletwa pia utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, kama utetezi wa programu hizi. Watafiti wake walikuta kwamba mtumiaji asiye na kinga lazima atakutana na anwani zilizo katika orodha, na kwamba akiyaepuka makundi matano tu yanayoonekana sana, uwezekano huo hushuka hadi kama asilimia 1. Namba hizo ni za kweli. Lakini zinapima kukutana na orodha. Kama aliyeandikwa humo ni mpelelezi au ni mwanafunzi wa chuo cha mbali anayepakua filamu ileile, utafiti haukuwa na namna ya kujua.

Hapa ndipo yule mwalimu wa Ngamiani anaponirudia.

Aya ya 12 ya Surat Hujurat inawakataza waumini mambo matatu, na mpangilio wake una maana. Kwanza ni kudhania watu vibaya, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kisha ni kupelelezana. Kisha ni kusengenyana. Mwalimu alitufafanulia kwamba moja huzaa lingine: dhana ikikaa moyoni hutuma macho kuchungulia, na jicho likishaona, ulimi hauwezi kutulia. Wapakuaji wengi wanaolalamikia kuchunguzwa wanaililia hukumu ya pili ya aya hiyo, na wana haki. Makampuni yanayowaandika watu kwa mamilioni kwa ajili ya biashara yanapeleleza. Kinachonikera ni kwamba kinga iliyotengenezwa dhidi ya upelelezi huo imejengwa juu ya jambo la kwanza lililokatazwa.

Orodha ya kuzuia ni daftari la dhana. Kampuni fulani ilisikika kuwa na uhusiano na studio, basi anwani zake zote, pengine maelfu, zinaandikwa. Chuo kikuu kina watafiti wa mitandao, basi chuo kizima kinaingia. Aliyeandikwa haelezwi kosa lake. Na yule kijana aliyeketi mbele ya dirisha la PeerBlock anasoma kila mstari kama adui aliyeshindwa, ilhali pengine ni mpakuaji mwenzake tu. Kadiri mistari inavyozidi ndivyo anavyozidi kuamini kwamba anawindwa, na ndivyo anavyozidi kuamini kwamba yuko salama. Imani zote mbili hazikupimwa. Upande wa pili mambo ni hayohayo: wakili anayeipelekea printa barua ya madai naye ameandika dhana na kuitia saini. Nikiyatazama haya mawili pamoja naona ugonjwa mmoja, na sioni vipi sehemu yake moja itaiponya nyingine.

Mwanangu akanijibu kwa jambo alilolisikia darsani, na alilijibu vizuri. Ni kisa cha Sayyidna Umar, ambacho Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, katika doria yake mjini Madina, Umar alipanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamwambia asiharakishe: yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Umar kwa matatu. Amepeleleza, na Mungu amekataza kupeleleza. Ameingia kwa ukutani, na Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni. Ameingia bila ya kupiga hodi wala kutoa salamu. Khalifa akakubali, akamwachilia kwa ahadi ya kutubu.

"Kwa hiyo hata nikiwa na kosa," akasema, "hawana ruhusa ya kuchungulia."

Ni kweli, na ninalishikilia jambo hilo kwa mikono miwili. Kosa la mtu halimfungulii kila mpita njia mlango wa nyumba yake. Nalisema hili nikijua kwamba kuchukua kazi ya mtu bila ya ridhaa yake ni kosa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, ilikwisha kutamka kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivuka. Filamu aliyotaka kuipakua haikuwa yake, na nilimwambia hivyo kabla hatujaendelea. Bado haki ya sitara yake haikutegemea usafi wake. Yule mtu wa Madina hakuwa msafi.

Lakini Ghazali huyohuyo, anapoeleza mipaka ya kukataza maovu, anasema kwamba aliyefunga mlango wake haingiliwi, isipokuwa maasi yenyewe yakidhihiri nje, mfano sauti ya zumari na ala ikipanda hadi wapita njia waisikie. Hapo aliyesikia hakupeleleza. Ameletewa. Na torenti, kwa namna ilivyoundwa, ni sauti iliyopita ukuta. Anwani haikuibwa kwako. Uliitangaza mwenyewe ili wageni wakuletee vipande. Anayeisoma orodha ya treka hajapanda ukuta wowote. Watafiti wa Ufaransa wa taasisi ya INRIA waliionyesha dunia jambo hilo mwaka 2010: kwa muda wa siku 103 waliandika anwani milioni 148 za wapakuaji wa BitTorrent, na kazi yote ilifanyika kutoka katika mashine moja tu.

Basi ukuta uko wapi? Nimelifikiria hili kwa miaka kwa sababu ya kazi yangu, na ninaamini nimeuona. Anwani ni namba. Haina uso, haina mama, haina bweni. Ukuta uko pale namba inapotaka kugeuka jina, na ukuta huo hutengenezwa na jedwali linaloonyesha kuwa namba hii, saa hii, alikuwa nayo fulani. Jedwali hilo halimo katika kompyuta ya mpakuaji wala katika PeerBlock. Liko kwa kampuni ya intaneti, kwa mwenye nyumba, kwa baba aliyelipia ruta. Ndugu yangu aliyeko Tanga anaingia mtandaoni kwa simu, na huko anwani moja ya nje hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Bila ya jedwali la kampuni ya simu namba ile haimtaji mtu yeyote. Mahakama za Ulaya zimeliona: Oktoba 2016, katika kesi ya Breyer dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata anwani inayobadilikabadilika inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi, pale ambapo aliyenayo ana njia ya kisheria ya kulifikia jina. Nayo mahakama ya rufaa ya shirikisho ya San Francisco, Agosti 2018, ilikataa kumshika mtu kwa kuwa tu anwani iliyosajiliwa kwa jina lake ilionekana.

Na penye jedwali ndipo penye uharibifu. Mawakili wawili wa Marekani, John Steele na Paul Hansmeier wa Prenda Law, walizipandisha wenyewe filamu za ngono kwenye BitTorrent, wakakusanya anwani za waliozichukua, wakaziomba mahakama ziamrishe majina yatolewe, kisha wakawadai wenye majina fedha ili wasiaibishwe. Mwaka 2019 Hansmeier alifungwa miaka 14 na Steele miaka 5. Fedha yao haikutoka katika namba. Ilitoka katika aibu, na aibu haikuwapo mpaka jina lilipopatikana.

Hapa Ujerumani sheria inamruhusu mwenye hakimiliki kuomba jina la mteja kwa amri ya mahakama. Mimi nimeishi na sheria hiyo na siichukii. Mwanamuziki naye ana watoto wa kulisha. Ila ipo hukumu moja ambayo nimeisoma mara nyingi na moyo wangu haujaikubali. Ni ya Mahakama ya Shirikisho ya Karlsruhe, tarehe 30 Machi 2017. Albamu ya Rihanna iitwayo Loud iligawiwa kupitia intaneti ya nyumba ya wazazi fulani wenye watoto watatu waliokwisha kuwa watu wazima. Wazazi waliwauliza watoto, wakamjua aliyefanya, wakakataa kumtaja. Mahakama ikasema: mzazi halazimiki kumpeleleza mwanawe, lakini akishajua, amtaje au alipe mwenyewe. Wakalipa, zaidi ya euro 3,500.

Ninaielewa hoja ya majaji. Mwenye kazi akikutana na ukimya kila anakogonga, haki yake itabaki karatasini. Lakini wazazi wale walifanya kile ambacho nyumbani kwetu mzazi yeyote angefanya bila ya kushauriwa: walimkanya mtoto ndani na kumsitiri nje, na gharama wakaibeba wao. Hawakuwa na programu wala orodha. Walikuwa ndio ukuta. Ukiniuliza nani katika habari hii yote aliyeilinda faragha ya mgawana faili, nitawataja hao wawili ambao hata majina yao siyajui.

Nilimwambia mwanangu aiondoe PeerBlock. Akauliza kuhusu VPN, na jibu langu likawa fupi: kwa VPN anayeonekana katika kundi ni anwani ya kampuni nyingine, na jedwali linahamia kwa kampuni hiyo, amjue mwenye kampuni, anatunza nini na yuko chini ya sheria ya nchi gani, kabla ya kuona amepata kitu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na la bweni letu liko kwa nani?"

Liko kwangu. Wanafunzi mia kadhaa hulala wakiwa hawajui kwamba kuna mahali panapoandikwa nani alipewa anwani gani na saa ngapi, na kwamba mwenye funguo ni mwanamke wa Tanga wa ofisi ya ghorofa ya chini. Kwa dini yangu hiyo ni amana, na amana huulizwa. Kumbukumbu hizo sisi huzitunza siku saba, kwa ajili ya kutafuta hitilafu. Nimezipitia hitilafu tulizozitatua, na karibu zote ziligundulika siku ileile. Barua za mawakili huchukua wiki kufika. Kisichokuwapo hakiwezi kudaiwa, na sitalazimika kuchagua kati ya sheria na mtoto wa mtu.

Nimewaomba wakuu wangu kumbukumbu zifutwe baada ya saa 24. Wanataka sababu kwa maandishi, na ninaziandika wiki hii. Nitawawekea Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Ulaya inayotumika tangu Mei 2018, kifungu cha 5, kinachotaka taarifa za watu zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa, na nitaambatanisha jedwali la hitilafu na siku zilipotatuliwa. Mwenzangu mmoja wa ofisini anahofia kwamba siku moja tutahitaji kumtafuta mtu aliyefanya uhalifu mkubwa na hatutakuwa na kitu mkononi. Hofu yake si ndogo, na sijapata la kumjibu kwa neno moja. Nimemwomba tukae naye Alhamisi kabla sijaipeleka barua.